Usomaji wa Pili wa Barua ya Abigael

Abigael Nyanchera alipomkabidhi meneja wake barua ya kuacha kazi, Mzee Jethro Nyabuto aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, kisha akauliza swali ambalo hakuna meneja mwingine katika Kenya nzima angeliuliza.

"Na huko unakoenda, dada Abigael, wameandika barua ya kukuomba?"

"Ya kuniomba, Mzee?"

"Ndiyo. Wao ndio huandika kwanza. Wanasema, tunamwomba fulani aje kwetu. Sisi tunaketi, tunaangalia, tunajibu. Mtu hawezi kujitoa tu hivi akaenda, kama ng'ombe amekata kamba."

Abigael alifikiri kidogo akaona maneno hayo yana maana. Na hapo ndipo pa kumlaumu, kama kuna wa kulaumiwa. Alikuwa amezaliwa Msabato, akabatizwa Msabato, akaolewa Msabato, na tangu utotoni alikuwa amewaona watu wakihama kanisa hadi kanisa kwa utaratibu huo huo. Kanisa linalompokea mtu linaandika barua, karani anaisoma mbele ya washiriki Sabato ya kwanza, anaisoma tena Sabato ya pili, mikono inainuliwa, na mtu anakwenda zake kwa amani. Sasa Mzee Jethro alikuwa karani wa kanisa lake kwa miaka kumi na tisa, na meneja wa kampuni hii ya vinyago vya mawe hapa Tabaka kwa miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo yote hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwandikia barua ya kuacha kazi. Wachongaji waliochoka walipotea tu, ukawasikia baadaye wako Nakuru. Barua ya Abigael ilikuwa ya kwanza, na Mzee aliishughulikia kwa utaratibu pekee aliokuwa nao kichwani.

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema ili msomaji asijisumbue kumtafutia pembe.

"Hawajaniomba, Mzee. Wamenipa barua ya kuniajiri," Abigael akasema, akaitoa kwenye mkoba.

Mzee akaisoma nayo. Shule moja ya bweni ya wasichana kule Nyaramba ilimtaka awe karani wa stoo. Aripoti Jumatatu, tarehe mbili ya mwezi ujao, akiwa na cheti cha kazi kutoka kwa mwajiri anayemwacha. Asipofika nacho, nafasi ingepewa wa pili kwenye orodha. Barua haikusema, lakini Nyaramba nzima ilijua kwamba wa pili kwenye orodha alikuwa mpwa wa mtu mkubwa.

"Haya. Hii tutaihesabu kama ombi," Mzee akasema. Akafungua daftari lake la jalada jeusi, akaandika tarehe. Ilikuwa Ijumaa, tarehe mbili. "Umetoa mwezi mmoja. Umefanya vizuri. Usomaji wa kwanza ni Ijumaa ijayo."

Abigael akamshukuru. Alitoka ofisini moyo mweupe, akarudi kwenye banda la kufungasha, alikokuwa akikagua vinyago kabla havijasafirishwa, akaendelea kuwazungushia tembo wa mawe majani makavu ya mgomba ili wasivunjike mikonga wakiwa safarini. Kwa miaka tisa alikuwa amepanga chumba hapa Tabaka kwa ajili ya kazi hiyo, huku mumewe, binti yake Bonareri na mama mkwe wakiishi nyumbani Nyaramba. Alikuwa akifika nyumbani kila Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Shule ile ilikuwa dakika ishirini kwa miguu kutoka mlangoni pake.

Ijumaa iliyofuata, saa sita, wafanyakazi wote ishirini na saba walikusanyika uani. Wanawake wa kupiga msasa waliacha mabeseni yao, mikono ikiwa bado myeupe kwa maji ya mawe. Wachongaji walikuja na patasi mkononi. Mzee Jethro akapanda juu ya sanduku la mbao, akakohoa.

"Dada yetu Abigael Nyanchera ameomba kutoka kwetu aende Nyaramba. Huu ni usomaji wa kwanza. Mwenye neno asiliseme hapa mbele ya watu. Aje ofisini, tuongee kwa upendo."

Wasabato wakaitikia kwa kichwa, jambo limekaa sawa. Wakatoliki sita waliokuwapo wakatazamana, wakadhani ndiyo sheria ya serikali.

Kufikia Jumanne, watu wawili walikuwa na neno.

Wa kwanza alikuwa Phanice, mpiga msasa, rafiki wa Abigael wa miaka saba, mtu waliyekula naye sahani moja. Phanice alisema kwamba mwaka juzi Abigael aliazima sufuria yake kubwa kwa ajili ya wageni, akairudisha bila kifuniko.

"Phanice! Si ulisema kifuniko si kitu?"

"Nilisema si kitu kwa mdomo," Phanice akajibu, akiangalia chini. "Kwa roho kilikuwa kitu."

Abigael alikwenda mjini Kisii siku hiyo hiyo akazunguka maduka manne. Hakuna mfanyabiashara aliyekubali kumuuzia kifuniko bila sufuria yake. Akanunua sufuria nzima, akampa Phanice, na Phanice akaipokea kwa uso wa mtu anayepewa habari ya msiba.

Wa pili alikuwa Onyancha, mchongaji wa viboko, mwanamume mwembamba mwenye kumbukumbu ndefu. Yeye alikuja ofisini na kitu kimefungwa kwa gazeti. Alipokifungua, Abigael alimtambua mara moja. Alikuwa kiboko wa rangi ya waridi, mnene, anayetabasamu, na hana sikio la kushoto.

"Huyu," Onyancha akasema, "ulimkataa. Ukamwita rijekti mbele ya vijana wangu."

"Onyancha, hana sikio."

"Alipigana."

"Kiboko wa mawe?"

"Viboko hupigana, Mama Bona. Uliza mtu yeyote wa ziwani. Mimi nilimchonga siku mbili, wewe ukamwangalia sekunde mbili. Tangu siku hiyo anakaa juu ya kabati yangu, kila nikila ananiangalia."

Mzee Jethro alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama. Akasema kwamba dada hawezi kusomwa mara ya pili akiwa na mambo na watu, na kwamba neno moja la kusamehewa halijawahi kumvunja mtu mguu. Abigael alikumbuka Nyaramba, alikumbuka orodha, alikumbuka mpwa wa mtu mkubwa.

"Nisamehe, Onyancha."

"Mimi nishasamehe. Mwambie yeye." Onyancha akamsogeza kiboko mezani mpaka mbele yake.

Kwa bahati Mzee aliingilia kati. Alisema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango, kwamba amri ya pili hairuhusu binadamu kuinamia sanamu, na Onyancha amrudishe huyo kwenye gazeti. Alilisema hilo akiwa ameketi katikati ya kampuni inayouza nje sanamu elfu tatu kwa mwezi, na hakuna hata mmoja wao aliyeona ajabu.

Mapatano hayo yalikula wiki nzima, kwa hiyo usomaji wa pili ukasogezwa hadi Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu. Abigael hakulalamika. Bado siku zilitosha.

Ijumaa hiyo Mzee alivaa koti. Akasoma barua yote, kuanzia anwani hadi sahihi, kisha akatangaza kwamba dada amepatana na wote na hana doa.

"Wanaounga mkono dada Abigael aende, wainue mkono wa kulia."

Onyancha aliinua mkono upesi. Mlinzi akainua, kwa kuwa yeye hukubali kila kitu. Wakatoliki wawili wakainua pia. Abigael akangoja. Aliangalia upande wa mabeseni, walipoketi wanawake wake, watu aliowatetea miaka tisa kila mara kinyago kilipopata mkwaruzo. Hakuna mkono ulioinuka huko.

"Wanne," Mzee akasema, akaandika. "Wanaopinga, kwa ishara iyo hiyo."

Mikono myeupe ikainuka yote pamoja. Phanice aliinua yake miwili, huku machozi yanamtoka, na Mzee kwa haki akamhesabu mara moja tu.

"Ishirini na wawili. Haikupita." Akafunga daftari. "Dada, ndugu zako wamenena. Unaweza kuileta tena robo ijayo."

"Robo ijayo? Mzee, hiyo ni Januari!"

"Januari haiko mbali kwa mwenye subira."

Abigael alimfuata Phanice hadi nyuma ya banda, alikokwenda kunawa uso. Alimshika mkono, tena si kwa upole.

"Nimekukosea nini? Si nilikununulia sufuria?"

"Hujanikosea." Phanice alivuta kamasi. "Ni kukupenda. Ukienda, mwenye kampuni atamleta yule shemeji yake. Unamjua. Yule akiona alama ndogo kama nzi, anakata mshahara. Wewe unasema, hii ni rangi ya jiwe. Nani mwingine atasema hii ni rangi ya jiwe?"

"Kwa hiyo hata kifuniko..."

"Nilitaka tu ukawie. Nikafikiri ukikawia, hao wa shule watachoka."

"Phanice, mkinipenda mniachilie niende kwa mtoto wangu!"

"Hiyo ni mapenzi ya kwa vitabu," Phanice akasema, akalia tena. Abigael hakujua ampige au amkumbatie, akamwacha hapo.

Nyumbani, Sabato ilipita kwa heshima bila mtu kuzungumzia kazi. Jumapili asubuhi, Bonareri, binti wa miaka kumi na mmoja, alimletea mama yake chai. Aliileta kwenye kikombe cha wageni, kile chenye maua, juu ya sahani yake, akakiweka mezani kwa mikono miwili na kuuliza kama sukari inatosha. Hakukusudia baya lolote. Ndivyo alivyofunzwa kumhudumia mtu anayekuja mara moja kwa wiki. Abigael alikishika kikombe kile akasikia uchungu mkubwa kuliko ule wa kura ishirini na mbili, na hapo ndipo alipofungua mdomo akaeleza yote.

Mumewe, Manasseh Ochoki, alikuwa mlangoni akifunga kamba ya kikapu cha majani chai. Akasimama.

"Ngoja. Wamekupigia kura?"

"Ndiyo."

"Kwani wewe ni MCA, unagombea kiti?"

"Ni utaratibu wa Mzee. Barua inasomwa, halafu..."

"Najua utaratibu! Hata mimi nilihamishwa kanisa hivyo nilipokuoa. Lakini hiyo ni kanisa, mama Bonareri. Hii ni kampuni ya mawe. Na wewe mwenyewe uliinua mkono?"

Abigael hakuwa ameinua. Aliona si adabu mtu kujipigia kura.

"Yaya, yaya!" Manasseh akashangaa kwa Kikisii, akashika kiuno. "Umeshindwa hata na kura yako!"

Mama mkwe, Mong'ina, alikuwa pembeni akichambua mboga ya chinsaga, na wote wawili walingoja aseme kwamba utaratibu ni utaratibu, maana ndivyo alivyosema juu ya kila kitu tangu arusi yao. Mong'ina akatupa bua moja, akachukua jingine.

"Mimi nilimwacha baba yenu mwaka wa njaa," akasema.

Manasseh akageuka. Habari hiyo ilikuwa mpya kwake.

"Wazee waliketi siku tatu wakaangalia kama niende ama nisiende. Walichinjiwa jogoo wawili. Walipomaliza kuangalia, mimi nilikuwa nimefika kwetu, nimekula, nimelala, nimeamka."

"Halafu wakasemaje, Mama?"

"Sijui. Sikuwa huko." Mong'ina alipuliza mboga. "Nilirudi mwenyewe, kwa sababu ya mahindi. Ya kwenu hapa yalikuwa yameiva mapema."

Manasseh akamwambia mkewe asirudi Tabaka leo, kesho apitie kwanza ofisi ya kazi mjini Kisii. Kule kwenye kituo cha majani chai kulikuwa na mtu aliyesaidiwa hapo, na hakuombwa hata shilingi.

Afisa wa kazi aliitwa Bwana Okemwa, mtu mzito, mwenye mafaili mpaka chini ya kiti. Alianza kuandika maelezo ya Abigael kwa haraka ya mtu aliyesikia kila kitu. Ukurasa wa pili kalamu yake ikasimama.

"Rudia hapo. Walikupigia nini?"

"Kura."

"Ya kukufukuza?"

"Ya kunikatalia kuondoka."

Bwana Okemwa akaweka kalamu chini. Aliinuka, akaenda chumba cha pili, akarudi na mwenzake. "Mama, tafadhali, anza tena pale pa kiboko." Abigael akaanza tena pale pa kiboko. Mwenzake alilazimika kushika ukuta. Abigael aliketi wima, mkoba magotini, akaungoja mchezo wao uishe, na uso wake ulikuwa unawaka.

Bwana Okemwa aliona uso huo, akafukuza kicheko pamoja na mwenzake, akaketi.

"Samahani, mama. Nisikilize sasa. Barua ya kuacha kazi si ombi. Ni taarifa. Wewe unalipwa kwa mwezi, kwa hiyo sheria inataka siku ishirini na nane, kwa maandishi. Uliandika?"

"Niliandika."

"Ulimpa lini?"

"Tarehe mbili. Aliandika mwenyewe kwenye daftari."

"Basi siku zako zinaisha Ijumaa hii. Akubali asikubali, zinaisha. Wapige kura, wafunge na kuomba, walete kwaya, zinaisha. Na cheti cha kazi si zawadi ya kupewa mtu aliyependwa. Kila mfanyakazi akiondoka apewe. Mwajiri akikataa, hilo ni kosa, anaweza kusimama mbele ya hakimu."

"Na ile sufuria?" Abigael akauliza. Ilimtoka tu.

"Sufuria gani?"

"Hakuna."

Aliandikiwa barua yenye muhuri, ampelekee meneja. Alitoka nje amekasirika. Kwanza alimkasirikia Mzee Jethro, kisha Phanice, na alipofika stendi akajikasirikia mwenyewe, kwa wiki zaidi ya tatu alizotumia akiomba kitu ambacho tayari kilikuwa chake. Hasira hiyo ya mwisho ndiyo iliyomuuma zaidi.

Mzee Jethro aliipokea barua ya serikali Jumanne. Aliisoma mara mbili, akasema ataiombea. Jumatano alikuwa bado anaiombea. Alhamisi alimweleza Abigael kwamba tatizo ni kumbukumbu: kura imeshaandikwa kwa kalamu ya wino, na kilichoandikwa kwenye daftari hakifutwi na barua, hufutwa na kikao kingine.

"Mzee, mimi sitaki kikao," Abigael akasema.

"Tutaona kesho, dada."

Ijumaa, tarehe thelathini, Manasseh alifika saa nane na pikapu ya jirani kuchukua godoro, jiko na ndoo za mkewe. Uani kazi ilisimama, watu wakajifanya wanafagia. Abigael aliingia ofisini bila kuketi. Alikuwa amejiandaa asubuhi nzima, kwa kuwa hakuwahi kumpandishia sauti mtu aliyemzidi miaka.

"Mzee, nakuheshimu. Umenilea kikazi. Lakini leo nimekuja kuchukua cheti changu, sikuja kukiomba. Jumatatu nisipokuwa nacho, kazi ya Nyaramba imekwenda, na mimi nitarudi kuwa mgeni kwa mtoto wangu. Nimekuwa mgeni miaka tisa. Usiponipa, narudi kwa Bwana Okemwa sasa hivi, na gari liko nje."

Alikuwa amepandisha sauti kweli. Nje, mifagio ilinyamaza.

Mzee Jethro akavuta karatasi yenye jina la kampuni, akaandika polepole, akampa. Abigael akaisoma. Ilisema kwamba dada Abigael Nyanchera ni mwaminifu, hana doa wala kinyongo na mtu, na wanamkabidhi kwa ndugu wa Nyaramba kwa upendo wote.

"Mzee, hii ni nzuri. Lakini andika nilianza lini, nilifanya kazi gani, na leo nimemaliza. Jina la kampuni, jina langu. Basi."

"Na ya upendo nitoe?"

Abigael akaitazama tena ile karatasi. "Iache. Lakini iwe chini."

Akaandika upya, akatia sahihi, akapiga muhuri mara mbili kwa kuwa wa kwanza ulififia. Abigael alikikunja cheti, akakiweka ndani ya Biblia yake, Biblia ndani ya mkoba, na mkoba akaufunga zipu. Miaka tisa ikawa imekwisha. Alisikia wepesi mpaka akataka kucheka.

"Asante, Mzee. Mungu akubariki."

"Dada Abigael. Hebu sukuma huo mlango kidogo."

Akausukuma. Mzee alifungua droo ya chini kwa ufunguo, akatoa bahasha tatu za kahawia, akazipanga mezani moja moja.

"Hizi ni nakala. Zenyewe nilimtumia mwenye kampuni, Nairobi. Ya kwanza ina miaka sita sasa." Alikohoa. "Nina miaka sitini na nne. Mke wangu yuko Nyacheki na chai yetu, na goti lake limekufa. Nilimwandikia mwenye kampuni nikamwomba niende nyumbani. Akanipigia simu, akasema, Jethro, nimekataa. Basi. Mtu mmoja, neno moja. Nikaandika tena, akakataa tena. Ya tatu hakujibu kabisa."

Abigael akaziangalia zile bahasha.

"Wewe ulipoleta yako, nikasema, hapana, mtu wangu hatakataliwa na mtu mmoja kwa simu. Atasikilizwa na watu wote, mara mbili, kwa haki. Nikafikiri nakutendea mema." Akaipapasa ile barua ya serikali, akaisukuma mbele kidogo kwa kidole. "Hii sheria ya siku ishirini na nane. Ni yenu ninyi tu wafanyakazi, ama inafika hata kwa meneja?"

Hasira yote aliyokuja nayo Abigael iliisha pale pale, na mahali pake pakaingia huruma. Alimwona mzee huyu akingoja kwa miaka sita kuruhusiwa kwenda kwake, huku mlango haukuwa na kufuli.

"Inafika, Mzee."

"Na yeye akikataa?"

"Akatae tu. Siku zinajihesabu."

Mzee Jethro akavua miwani, akaiweka chini, akajishika uso. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka. Abigael alifungua bahasha ya kwanza. Barua ilikuwa ya kurasa mbili, yenye mistari ya Biblia, na haikuwa na tarehe popote. Akavuta kiti, akaketi.

"Hii ni ndefu mno. Hapa ulipoandika unaomba kwa unyenyekevu, toa. Andika, nakujulisha kwamba naacha kazi. Halafu siku ya mwisho ni lini. Mistari miwili inatosha."

"Bila salamu?"

"Salamu weka."

Nje, Manasseh alipiga honi, mara moja kwa adabu, kisha mara tatu bila adabu. Abigael akainuka, akafungua dirisha. Uani wafanyakazi wote walikuwa wamesimama wakiangalia dirishani, Phanice mbele yao, sufuria mpya mikononi, akitaka kumrudishia.

"Ngoja kidogo, baba Bonareri!" akaita. "Kuna barua tunamalizia!"

Alipogeuka, Mzee Jethro alikuwa ameshaandika tarehe.